Mdomo Kwanza, Kitako Mwisho

Alhamisi, tarehe 14 Mei 2082, saa mbili na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha, manyunyu hayakukatika tangu alfajiri, na kipimajoto cha ukumbini kilisoma nyuzi tisa.

Katika chumba namba nne cha Chuo cha Ufundi cha Nyambigo, Dokta Hosiana Mbilinyi alifuta viti viwili kwa kitambaa kikavu, akawasha mtambo, kisha akaitazama orodha ya wahadhiri. Majina thelathini na saba yalikuwa na alama ya tiki. Manne hayakuwa nayo. Wakaguzi wa Baraza la Ithibati wangefika kesho saa sita mchana, na wangetaka kuona tiki arobaini na moja. Zikipungua, chuo kingepoteza nafasi zake za jamii ndogo, zilizotengewa wanafunzi wa makabila yenye watu wachache. Nafasi hizo zilikuwa thelathini na moja, na kila moja ilikuwa na mwanafunzi ndani yake.

Jina la thelathini na nane lilikuwa la Maalim Faki Shaame, mwalimu wa matanuri, mzaliwa wa Pemba. Alikuwa ameahirisha kikao chake mara tano. Leo alikuja. Alisimama mlangoni na koti lake zito, akavikagua viti kama mtu anayekagua godoro la nyumba ya wageni.

"Dokta, nikiingia humo nitatoka bibi kizee?"

"Utatoka mwalimu, Maalim."

"Ehe. Na miaka hii thelathini na moja nilikuwa nani?"

Sekela, aliyekuwa ameshaketi kwenye kiti cha kushoto, alicheka kidogo bila sauti. Alikuwa binti wa Kikisi, kabila la wafinyanzi wa kando ya ziwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwembamba, mwenye vidole virefu. Kilemba cha waya kilikuwa tayari kichwani mwake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile mara thelathini na saba tangu Februari.

Kabla ya kila kikao, kanuni iliagiza maswali matatu ya uhakiki wa kumbukumbu. Hosiana aliyajua kwa moyo.

"Bibi yako amekaa wapi?"

"Chini ya ukingo wa paa. Upande wa kivuli."

"Wewe umekaa wapi?"

"Nyuma yake, kushoto."

"Mkono wake unaanza wapi?"

Sekela alifikiri. "Kwenye kitako," alisema. "Anaanza na kitako, halafu anapandisha kuta."

Hosiana aliitazama kadi ya tarehe 9 Februari. Iliandikwa kwa mkono wake mwenyewe: *Mdomo. Bibi huanza na mdomo. Kitako hukifunga mwisho.*

Aliuliza tena. Sekela alijibu vilevile, safari hii haraka zaidi, kama mwanafunzi anayetaja jambo lililo kitabuni. Na kweli lilikuwa kitabuni. Hivyo ndivyo karakana ya chuo ilivyofundisha mwaka wa kwanza: kitako juu ya gurudumu, kisha kuta. Pengo lilikuwa limefunguka ndani ya kichwa cha msichana, na kitabu kilikuwa kimeingia kuliziba.

Hosiana alizima mtambo.

"Kuna hitilafu," alimwambia Maalim Faki. "Tutakuita."

Maalim aliitazama mitambo, kisha akamtazama yeye. "Taa zote za kijani, Dokta. Mbona uliyesawajika ni wewe?"

*

Viti pacha vilifika Nyambigo Januari ya mwaka huo, baada ya Baraza kuamua kwamba semina hazitoshi. Wahadhiri walikuwa wamehudhuria semina za ufundishaji jumuishi kwa muda mrefu. Walijua maneno yote. Walijua kusema kwamba kila mwanafunzi huja darasani na utamaduni wake, kisha walirudi darasani na kufundisha kama walivyofundishwa wao.

Sekela alikuwa mfano wa jambo hilo. Katika mwaka wake wa kwanza walimu sita waliandika neno moja kwenye taarifa yake: *hashiriki*. Hakuuliza swali. Hakujibu alipoulizwa. Mwalimu aliposimama karibu na meza yake, mikono yake iliacha kazi. Walidhani ni uzito wa akili. Hakuna aliyejua kwamba msichana huyu alifundishwa na bibi yake ufinyanzi kwa miaka kumi bila kuulizana swali hata moja. Kwa bibi huyo, kumuuliza fundi akiwa kazini ni kumshika mkono. Mwanafunzi hukaa nyuma, kushoto, na kutazama. Fundi anapoona wakati umefika, humgeuzia mwanafunzi mgongo kabisa. Mgongo huo ndio ruhusa. Maana yake: sasa jaribu, sikutazami, ukikosea hakuna aliyeona.

Mtu aliyeketi kwenye kiti cha kulia aliishi dakika arobaini za alasiri moja ya mwaka 2078. Aliketi nyuma ya bibi, kushoto. Alinusa moshi na udongo mbichi. Aliona mgongo ukigeuka, akahisi kifua kikijaa furaha. Aliporudi darasani alijua, bila kuhadithiwa, kwa nini hapaswi kumsimamia Sekela mabegani. Mafunzo yalifanya kazi. Hilo ndilo lililomfunga macho Hosiana.

Watengenezaji walisema hakuna kinachopotea. Walieleza hivi: kumbukumbu si picha ndani ya sanduku. Kila mtu anapokumbuka jambo, jambo hilo hulainika kama udongo uliotiwa maji, kisha hukauka tena. Mtambo huchukua alama wakati udongo ungali laini. Waliahidi kwamba hukauka vilevile lilivyokuwa. Haikuwa kweli. Kila kikao kiliacha tabaka jembamba kwa aliyeketi kiti cha pili. Na kumbukumbu haikai peke yake. Imesukwa na nyingine kama ukili wa mkeka. Ukivuta mmoja, jirani zake hulegea.

Hosiana aliliona hilo kwenye kikao cha kumi na mbili. Kipimo cha uthabiti kilikuwa kimeshuka kutoka tisini na sita hadi themanini na moja. Katika safu ya maelezo aliandika: *uchovu wa mwanafunzi.* Aliandika hivyo tena kwenye kikao cha kumi na tisa, na cha ishirini na tano. Asubuhi hii kipimo kilisoma kumi na moja.

*

Alimpeleka Sekela karakanani, akampa bonge la udongo, akampa nafasi. Hata mgongo alimgeuzia, kama alivyojifunza.

Alisikia mikono ikikanda. Kisha akasikia gurudumu likizunguka. Sekela wa mwaka wa kwanza hakuligusa gurudumu. Alizungusha udongo juu ya kigae kilichovunjika, kwa kidole gumba cha mguu. Hosiana aligeuka. Mbele ya msichana palikuwa na kibakuli safi, chenye kitako bapa, kama vibakuli vya wanafunzi wote.

"Kizuri?" Sekela aliuliza.

Lilikuwa swali la kwanza aliloliuliza karakanani katika miaka mitatu.

"Sekela, kile chungu chako bado unakilowesha?"

Kila mtu wa bweni la wasichana alikijua chungu hicho. Bibi yake alikifinyanga asubuhi ya siku aliyofariki: mdomo, shingo, tumbo. Alikiacha kivulini kikauke kiasi, ili alasiri akigeuze na kukifunga chini. Alasiri hakuwepo. Sekela alikizungushia kitambaa kibichi na majani ya mgomba, akakibeba, na kwa miaka miwili alikilowesha kila jioni ili kisikauke kabla mkono wake haujawa tayari. Kijiji chao kilikuwa kimemezwa na ziwa mwaka 2074, na watu wake walitawanyika hadi mipakani. Hakukuwa na mwingine aliyekaa nyuma ya bibi huyo, kushoto.

"Nilitaka kukitupa Jumatatu," Sekela alisema. "Kwenye pipa la masazo. Gwantwa wa chumbani ndiye aliyenizuia. Akaniambia, si ulisema ni cha bibi yako? Nikamwambia ndiyo, lakini kimetoboka chini."

Hosiana aliketi kwenye stuli. Manyunyu yaligonga bati.

"Hakikutoboka," alisema.

Akamweleza yote. Alieleza kwa mpangilio, kwa tarehe na kwa tarakimu, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kueleza. Sekela alisikiliza huku akiutazama udongo uliokuwa ukikauka vidoleni mwake.

"Ulijua lini, Mwalimu?"

"Kikao cha kumi na mbili."

"Leo kilikuwa cha ngapi?"

"Thelathini na nane."

Sekela alihesabu kimoyomoyo. "Zile kumi na moja zilizobaki," aliuliza, "zina nini ndani?"

"Uso wake. Sauti yake kidogo. Namna alivyokohoa kabla ya kukuita."

"Na wale wanne wakiingia?"

"Hazitabaki."

"Na wasipoingia, wenzangu wanaondoka."

"Nyote. Na wewe."

Msichana alibandua udongo uliokauka vidoleni. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Mimi siwezi hata kukililia, Mwalimu. Sijui nilikuwa na nini."

*

Mkuu wa Chuo, Profesa Mwaipaja, alikuwa mtu wa haki. Hosiana aliyekuwa mbele yake angependa awe mtu mbaya, kwa kuwa ingekuwa rahisi zaidi.

"Ungeniambia kwenye kikao cha kumi na mbili," alisema, "ningesimamisha. Tungekuwa na miezi miwili ya kuandaa mwanafunzi mwingine. Leo tuna saa ishirini na sita. Umeniletea moto ukiwa umeshafika darini, Dokta."

"Najua, Profesa."

"Rekodi ya kughushi haiwezekani?"

"Mtambo unasoma bongo zote mbili. Kiti kikiwa tupu, unajua."

Profesa aliinuka, akaenda dirishani. Alikohoa mara mbili, kikohozi kifupi, kikavu, kisha akasema, "Wafikirie hao thelathini na mmoja. Yule mtoto wa Kisandawe ambaye baba yake aliuza ng'ombe wote. Gwantwa, ambaye haoni jicho moja. Nikiwaambia waende nyumbani Jumatatu, nusu hawatarudi. Unalijua hilo kuliko mimi. Upande wa pili kuna alasiri moja. Ya bibi mmoja. Aliyekwisha kufa."

"Upande wa pili kuna Sekela."

"Sekela atabaki hai. Atabaki na shahada."

"Atabaki na shahada ya namna tunavyofinyanga sisi."

"Mwulize mwenyewe," Profesa alisema kwa upole. "Safari hii mwulize akiwa anajua. Akikubali, tutaendelea. Huo ndio uamuzi wangu, na sitajificha nyuma yako."

Hosiana alisimama. Kwenye mlango aligeuka. "Profesa, hicho kikohozi umekipata wapi?"

"Kikohozi gani?"

Profesa alikuwa mtu wa kwanza kuketi kwenye kiti cha kulia. Picha yake akiwa na kilemba cha waya ilikuwa imetundikwa pale pale ofisini, juu ya kabati.

*

Hosiana alipomwuliza, Sekela alijibu kwamba atatoa neno lake saa kumi alasiri. Kabla ya hapo alikuwa na sharti moja. Hakulisema kwa ukali.

"Walionacho wanirudishie. Wote. Nataka nione kwanza nimetoa nini."

Saa saba mchana karakana ilikuwa imejaa wahadhiri ishirini na tisa. Wengine wanane walikuwa na vipindi, au walisema wana vipindi. Sekela aliketi katikati kwenye stuli, chungu cha bibi kikiwa mapajani, kimefunuliwa, kimeelekezwa mdomo chini. Tundu la kitako lilikuwa wazi kuelekea darini. Maalim Faki, asiye na cheti, alikaa nyuma kabisa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mhandisi Kihwele wa hesabu za mkazo alisimama wa kwanza. Alikuwa ameandaa slaidi.

"Tuanze na malengo," alisema. "Mwisho wa kipindi hiki, Sekela ataweza kueleza hatua nne za..."

"Hatua tano," mtu alisema.

"Nne. Bibi analaza gunzi la mahindi kabla ya kulowesha."

"Hapana, analowesha kwanza. Mimi nilikuwa pale."

"Wote tulikuwa pale, mama."

"Analowesha kwanza, halafu anampiga mtoto mkono."

"Hampigi. Anausogeza tu."

"Mimi nilihisi kipigo."

"Ulihisi ulichokizoea nyumbani kwenu."

Walicheka kidogo, kisha wakaendelea. Kila mmoja alikuwa na kipande, na kila mmoja alikiona kipande chake ndicho alasiri nzima. Walimzunguka msichana. Walimwinamia. Mmoja alimshika kiganja na kukipindua ili kumwonyesha pembe sahihi ya kidole gumba. Mwingine alimwuliza, "Umeelewa hapo? Nirudie? Una swali?" Wakasogea zaidi, kwa kuwa kila mtu alitaka kusaidia, na hatia ina haraka. Mikono ya Sekela ilikuwa imekufa juu ya chungu. Macho yake yalikuwa sakafuni. Ndivyo alivyokuwa mwaka wa kwanza, siku walipoandika *hashiriki*.

Hosiana aliwatazama. Vyeti ishirini na tisa vya ujumuishi vilikuwa vimesimama mbele yake, na vyote vilikuwa vikimsimamia msichana mabegani. Kitu pekee kilichokuwa kimeihalalisha dhambi yake ni kwamba mafunzo yalifanya kazi. Alitaka kupiga kelele, lakini alijua angekuwa mtu wa thelathini.

Kutoka kwenye ndoo yake Maalim Faki aliuliza, bila kupandisha sauti:

"Samahani. Mimi sijaingia humo, kwa hiyo ni mjinga. Nyote mmefaulu?"

Bi. Odilia Chengula, mwalimu wa michoro, mwanamke ambaye kwenye vikao vya idara alizungumza mara moja kwa mwaka, alitoka kwenye duara. Alichukua bonge la udongo na kigae kilichovunjika. Alikaa chini, kwenye saruji ya baridi, mbele ya Sekela. Kisha akamgeuzia mgongo.

Alianza na mdomo.

Hakuwa fundi wa kufinyanga. Mdomo ulipinda. Aliubomoa, akaanza tena. Mhandisi Kihwele alifungua kinywa kumsahihisha. Jirani yake akamkanyaga mguu. Slaidi zilizimwa. Mmoja mmoja, kwa magoti yasiyozoea, wahadhiri walishuka sakafuni. Mwingine alijua namna gunzi linavyoparuza tumbo, na hilo tu, aliparuza. Mwingine alijua mate kidogo kwenye kidole gumba, alitema, akalainisha. Yule aliyehisi kipigo na yule aliyehisi kusogezwa walikaa ubavu kwa ubavu. Wote walimpa Sekela migongo. Karakana nzima ikawa migongo, na mlio wa udongo, na manyunyu.

Profesa Mwaipaja aliingia akiwa amechelewa. Alisimama mlangoni, akaona, hakuelewa, akakohoa mara mbili.

Sekela aliinua kichwa kwa haraka, kama mtu aliyeitwa jina. Alitazama mlangoni. Hakuona aliyemtafuta. Uso wake ulijaa kitu ambacho Hosiana hakuweza kukitazama kwa muda mrefu.

Kisha akashuka kwenye stuli. Alikwenda akakaa nyuma ya Bi. Odilia, kushoto.

*

Saa kumi kamili alikuja chumba namba nne. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwiko. Profesa na Hosiana walikuwa wakimsubiri. Maalim Faki alikuwa kwenye kiti cha kulia, ameketi pembeni pembeni, kofia mkononi; alikuwa ameitwa, na alikuwa amekuja.

"Imerudi?" Hosiana aliuliza.

"Mkono umerudi kidogo," Sekela alisema. "Lakini si wa bibi. Ni wa watu wengi. Nikiparuza naona saruji na soli za viatu vyao. Ile alasiri siioni."

"Pole, mwanangu," Maalim alisema.

"Profesa, ukikohoa ninamsikia bibi. Ndani yangu yumo bado, kidogo. Nikimpa Maalim na wale watatu, nitakuwa nakusikia wewe tu."

Profesa alitazama sakafu. "Na wenzako?" aliuliza. Ilimgharimu kuuliza, na alijua kwamba lazima aulize.

"Nimewauliza saa tisa, bwenini. Nimewaambia kila kitu. Gwantwa alilia. Yule Msandawe alisema nitoe, baba yake hana tena cha kuuza. Wawili wamesema nisitoe. Wengine walinitazama tu." Aliifuta mikono kwenye sketi yake. "Hakuna aliyenigeuzia mgongo, Profesa. Wote walikuwa wananitazama. Nimeshindwa kufikiri nikiwa natazamwa."

Alijua alichoombwa na watu wale, na Hosiana aliona kwamba alijua. Jambo lililo sahihi halikuwepo chumbani. Palikuwa na viti viwili na waya kati yake.

Maalim Faki alikuwa wa kwanza kufanya jambo. Aliinuka, akakigeuza kiti kizima kikaelekea ukutani, akakaa tena, mgongo kwa Sekela. Profesa alitazama kwa muda, kisha akageuka kuelekea dirishani. Hosiana alibaki. Alikuwa mtu aliyemtazama msichana huyu kwenye kipimo kwa miezi mitatu. Kugeuka kulimwia vigumu kuliko alivyotarajia, kwa sababu aliyegeuka haoni tena kitakachoamuliwa, wala hawezi kukiandikia jina jingine.

Aligeuka.

Nyuma yao zilipita dakika nne. Saa ya ukutani ilizihesabu. Kisha walisikia kilemba cha waya kikiinuliwa kitini na kuwekwa juu ya meza, taratibu, na nyayo zikitoka.

*

Hivi ndivyo kila mmoja alivyofanya baadaye.

Dokta Hosiana Mbilinyi aliandika barua ya kurasa mbili kwa Baraza la Ithibati. Alitaja kikao cha kumi na mbili, cha kumi na tisa na cha ishirini na tano, na maneno aliyoyaandika kuficha. Aliikabidhi mwenyewe Ijumaa saa sita mchana, kisha akafungasha vitabu vyake.

Wakaguzi waliisoma barua, wakahesabu tiki thelathini na saba, wakatazama karakana kwa dakika kumi. Fomu yao haikuwa na mahali pa kuandika walichokiona huko. Waliandika: *hawajatimiza.*

Profesa Mwaipaja alitia saini barua thelathini na moja Jumatatu asubuhi. Alizipeleka bwenini kwa mkono wake, moja moja. Kisha akaitoa picha yake juu ya kabati.

Wanafunzi thelathini na mmoja waliondoka Jumatano. Muhula mpya ulipofunguliwa Septemba, kwa rufaa, walirudi kumi na tisa. Yule Msandawe hakurudi.

Gwantwa alirudi, na Sekela pia. Hakuzungumza na Sekela kwa mwaka mzima, na wakati wote huo waliishi chumba kimoja.

Mhandisi Kihwele aliomba kurudia mafunzo. Aliambiwa hakuna tena mtambo. Alisema anajua, hakuomba mtambo.

Bi. Odilia Chengula alirudi kwenye michoro yake.

Maalim Faki Shaame hakuketi tena kwenye kiti kile. Ijumaa asubuhi, kabla ya wakaguzi kufika, alikwenda karakanani pamoja na wale watatu wasio na tiki. Walimkuta Sekela amekaa sakafuni, chungu cha bibi kikiwa mbele yake, mdomo chini. Walikaa nyuma yake, kushoto. Walitazama akilowesha ukingo wa tundu, akisogeza udongo kuelekea katikati, akisita mahali ambapo hakujua, akiendelea. Hawakuuliza swali.

Sekela alikifunga kitako saa nne na nusu. Alipitisha kidole gumba kwenye alama ya mwisho, alama ambayo ilikuwa yake na si ya mtu mwingine. Kisha akawapa mgongo kabisa. Wanne wale waliuchukua udongo.